Nchi niliyoichora utotoni: ilikuwa mimi, au ilikuwa mchezo tu?

Surame_24 (mleta mada)

Wakuu, nina jambo linanisumbua wiki ya tatu sasa. Ni refu kidogo, mnivumilie.

Nina miaka 24. Nilipokuwa na miaka 8 nilianza kuchora ramani ya nchi inayoitwa Surame. Msiitafute, haipo. Ni kisiwa chenye umbo la kiatu cha kushoto, na miji yake niliipa majina ya mguu: Kisigino, Unyayo, Kidole Gumba, na kule juu milimani Kifundo. Nilichora hadi nikafikisha miaka 14. Madaftari sita, yaliyohama nasi nyumba hadi nyumba ndani ya boksi la viatu. Boksi sikulichagua, ndilo lililokuwepo.

Haikuwa kuchorachora tu. Kulikuwa na ufunguo wa ramani, kulikuwa na skeli, kulikuwa na dira kwenye kona. Nikiwa na miaka 10 mwalimu alitufundisha kwamba mito huungana ikielekea baharini, haiachani njia ikaenda kila mmoja bahari yake. Nilirudi nyumbani na aibu ya mtu aliyekamatwa akidanganya, maana mto wangu mkuu ulipasuka katikati ukamwaga maji pande zote mbili za kisiwa. Nikaufuta wote. Nilifuta hadi karatasi ikatoboka, na lile tundu nikaligeuza ziwa. Baadaye nikajua mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko, nikaanza milima yote upya. Halafu ikaja reli, na reli ndiyo iliyonimaliza kabisa: ratiba ya treni ya siku nzima, kila stesheni, kuingia na kutoka, kurasa kumi na moja.

Watu wazima wote wakakubaliana: "Huyu wa ramani huyu." Mjomba peke yake aliuliza, "Unachora njia za kwenda mahali pasipokuwepo, nani atasafiri?" Wengine walikwisha nipangia maisha, na mimi nikakubali, maana ni raha kuambiwa wewe ni nani kabla hujahangaika kujitafuta. Nikaenda kusomea upimaji wa ardhi.

Nilidumu mwaka mmoja. Ardhi ya kweli ina wenyewe. Ina mawe ya mipaka, na ndugu wawili wasiosalimiana kwa ajili ya mita moja na nusu. Mlima hausogei hata ukiona ungependeza zaidi upande wa pili. Nilikuwa nachungulia kwenye kifaa, naandika pembe, na moyoni kimya kabisa. Nikaacha. Sasa niko kampuni ya bima, nakagua madai. Siichukii kazi.

Kilichonileta hapa ni hiki. Tulikuwa na mafunzo kazini, mwendeshaji akasema kila mtu ajieleze dakika mbili, "si cheo chako, wewe mwenyewe." Wenzangu wakatiririka: mimi mtu wa mpira, mimi muziki uko damuni. Nilisimama nikataka kusema "mimi mtu wa ramani", nikakumbuka ya utotoni sijaigusa miaka kumi na ya chuoni niliikimbia. Nikasema napenda kusikiliza watu. Uongo mtupu, sipendi.

Naomba kuuliza: kile ulichokipenda kwa wazimu utotoni ndicho wewe, na ukikiacha umejiacha? Au ni kama sare ya shule, ilikutosha wakati wake, basi?

---

Fundi_Redio

Mwanangu, jina langu hapa ni la utani. Mimi si fundi, ni muuguzi mstaafu. Lakini kuanzia miaka 9 hadi nilipoondoka nyumbani nilikuwa natengeneza redio, na majirani walikuwa wakiniletea zao wakiwa wamezifunga kwenye kanga kama mgonjwa.

Sikuwa na kipimo chochote. Nilitumia sikio. Redio ikikwaruza unapozungusha kitufe cha sauti, ni vumbi limeingia ndani ya kitufe. Ikivuma muda wote, mvumo mzito wa nyuki, kapasita zimechoka. Ikiwa kimya kama jiwe, anza na betri na waya, usijifanye mjuzi. Kila aliyeniona alisema huyu mhandisi. Sikuwa mhandisi. Hesabu zilinikataa, nikaingia uuguzi kwa sababu ndiko nilikopata nafasi, na miaka ya mwanzo nilijiona kama wewe, mtu aliyejisaliti.

Sasa sikiliza. Usiku mmoja wodini nilikuwa nasinzia kwenye kiti, nikashtuka bila kujua kwa nini. Hakuna aliyeita, hakuna mashine iliyolia. Pumzi ya mgonjwa wa kitanda cha nne ilikuwa imebadilika. Nilimfikia mapema. Asubuhi natembea kurudi nyumbani ndipo nikagundua kwamba lile ni sikio lile lile la redio.

Kuna mwanasayansi wa Marekani, Edward O. Wilson, aliyekuja kuwa bingwa wa elimu ya sisimizi. Akiwa na miaka 7 alikuwa anavua, akamvuta samaki kwa nguvu, mwiba wa pezi ukamchoma jicho la kulia, likapoteza uwezo wa kuona. Baadaye usikivu wake nao ukapungua kwa sauti za juu, kwa hiyo ndege na vyura wakawa wagumu kwake. Lililobaki ni jicho la kushoto, nalo lilikuwa kali kwa vitu vidogo vya karibu. Akaokota wadudu. Watu husema alizaliwa na mapenzi ya sisimizi. Mimi nasema alizaliwa na hamu ya kutazama viumbe, na ajali ikamwonyesha atazame wapi.

Kwa hiyo fanya hivi. Toa yale madaftari, lakini usiikague ramani. Ikumbuke saa yenyewe. Ulikaa wapi? Mlango ulikuwa wazi au umefungwa? Nani alikuwemo nyumbani? Ni sehemu gani ya kazi hiyo iliyokufanya usisikie ukiitwa? Kisha urudi utuambie.

---

Bibi_Chekechea

Mjukuu wangu, neno moja tu. Nimefundisha watoto wadogo muda mrefu, na kosa ninalojutia ni kuwasifu kupita kiasi. Mwaka 1973 watafiti watatu, Lepper, Greene na Nisbett, walichukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Wengine waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora. Wengine walipewa cheti bila kuahidiwa. Wengine hawakupewa kitu. Siku zilipopita, rangi zikawekwa tena mezani, na wale walioahidiwa wakachora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Hakuna aliyewakataza. Mchezo ulikuwa umegeuka kibarua.

Wewe hukuahidiwa cheti, uliahidiwa maisha mazima. Hiyo "huyu wa ramani huyu" ni utepe mzito kuliko ule wa kina Lepper.

---

Mita_800

Dada, mimi nakuonea wivu, niseme tu ukweli.

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka 10. Kufikia 16 sikuwa na rafiki asiyekimbia, sikuwa na picha ambayo sijavaa viatu vya mbio, na hata kalenda yangu haikuwa na miezi, ilikuwa na msimu na nje ya msimu. Nikiwa na miaka 19 kano ya kisigino ilikatika. Maumivu ya mguu nayasahau. Nisichosahau ni asubuhi ya kwanza baada ya daktari kusema basi: niliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikakaa ukingoni mwa kitanda, na sikujua hata mtu wa kawaida huwa anafanya nini saa hiyo. Nilikaa pale hadi jua likachomoza. Nilifanya hivyo siku nyingi.

Mshauri niliyemwendea alinieleza kazi ya mwanasaikolojia James Marcia ya mwaka 1966. Marcia aliwahoji vijana wa kiume wa chuo akaona wanasimama mahali panne tofauti: waliojitafuta wakapata, wanaoendelea kujitafuta, wasiojitafuta wala hawajali, na wale walioshika jambo kwa nguvu bila kujitafuta hata siku moja. Hao wa mwisho kwa nje ndio wanaoonekana wametulia kuliko wote. Ndiyo mimi. Nilijifunga mapema, kisha kamba ikakatika.

Marcia alijenga juu ya Erik Erikson, yule aliyesema kijana anahitaji kipindi cha kujaribu sura mbalimbali bila kudaiwa jibu. Na huyu Erikson ujanani alikuwa msanii wa kuchora, anazungukazunguka Ulaya hana mwelekeo. Mwaka 1927 alikwenda Vienna kufundisha kwenye shule ndogo, na huko ndiko alikoingia kwenye mambo ya saikolojia chini ya Anna Freud, binti wa Sigmund Freud. Hata jina la Erikson alijipa mwenyewe ukubwani! Aliyetufundisha habari za utambulisho alikuwa mchoraji aliyeacha kuchora.

Wewe ulijaribu, ukaona si pako, ukatoka kwa miguu yako. Mimi nilitolewa kwa machela.

---

Sikubaliani_Sana

Nawaheshimu wote, ila naona tunasimuliana hadithi za jioni.

Fundi, sikio lako ni zuri, sikatai. Lakini muuguzi mwenzako aliyeshona vitambaa utotoni angesema jicho lake la kushonea ndilo lililoona mgonjwa anabadilika rangi, na aliyefuga njiwa angesema uvumilivu wa njiwa. Mtu akishafika mahali, hugeuka nyuma akachagua utoto unaofanana na mahali hapo. Dada angekuwa mpimaji leo angetuambia "nilijua tangu nina miaka 8". Kwa kuwa yuko bima, anauliza amejipoteza wapi. Madaftari ni yale yale.

Jane Goodall akiwa na miaka minne hivi alijificha kwenye banda la kuku saa kadhaa ili aone yai linatokea wapi, nyumbani wakamtafuta wakidhani amepotea. Kisa hicho kimesimuliwa mno kwa sababu mwaka 1960 alikwenda Gombe akakaa na sokwe. Mimi pia nilijificha bandani. Nilitafutwa pia, na nilipopatikana nilichapwa. Leo nauza vipuri vya pikipiki. Nani atasimulia banda langu?

Tena mmeleta kuchora nchi za kubuni, basi tuende kwa mabingwa wake. Mwaka 1826 mchungaji Patrick Brontë wa Uingereza alimletea mwanawe Branwell askari kumi na wawili wa mbao. Branwell na dada zake Charlotte, Emily na Anne wakawapa majina, wakawajengea mji, kisha falme, Angria na Gondal, zenye vita na magazeti yake, wakaandika vitabu vidogo kama kiganja kwa mwandiko wa kusomwa kwa kioo cha kukuzia. Dada watatu wakawa waandishi wanaosomwa hadi leo. Branwell, mwenye askari, alikufa mwaka 1848 akiwa na miaka 31, ameharibiwa na pombe na afyuni, hakuacha jina ila la kaka yao. Nyumba moja, mchezo mmoja, askari wale wale. Sasa niambieni mchezo ulimfanya nani awe nani.

---

Mita_800

Sikubaliani, hapo umenibana. Ila Branwell anaweza kuwa alikuwa na shauku ya aina nyingine. Mwanasaikolojia Robert Vallerand na wenzake mwaka 2003 walitenganisha shauku inayoishi kwa amani na mambo mengine ya mtu, na shauku inayomshika mtu koo, asipoifanya anajiona si kitu. Kutoka nje unaona mtu mmoja tu anayependa jambo lake. Mimi nilijua ni ipi niliyo nayo siku nilipokimbia na homa.

---

Sikubaliani_Sana

Branwell hakukimbia na homa, alikunywa. Lakini sawa, hiyo naipokea nusu.

---

Surame_24 (mleta mada)

Nimerudi. Nimefanya alivyosema Fundi, na sikupenda nilichokiona.

Jumamosi niliweka madaftari sakafuni, nikafumba macho, nikajiuliza yale maswali. Mlango ulikuwa umefungwa. Mara zote. Nilikuwa nakaa chini, mgongo kwenye mlango, ili mtu akisukuma nijue. Na nani alikuwemo nyumbani, hilo ndilo lililonichelewesha kuandika. Kati ya miaka 8 na 14 tulihama mara tano. Sababu ni za wazazi wangu, siziweki hapa. Kila nyumba mpya nilikuwa sijui swichi ya taa iko upande gani, lakini nilijua kutoka Kifundo hadi Kidole Gumba ni saa mbili na nusu kwa treni. Tulipotulia nyumba ya sita nikiwa na miaka 14 ndipo nilipoacha. Siku zote nilidhani niliacha kwa sababu nilikua.

Halafu nikaona jambo lingine. Surame haina watu. Nimepekua madaftari yote sita: mito, milima, reli, bandari, minara ya taa mitatu, na sijachora wala kuandika jina la mtu hata mmoja. Treni thelathini na moja kwa siku na hakuna abiria! Mjomba aliuliza nani atasafiri, nikamwona mkorofi. Alikuwa ameona.

Kwa hiyo Bibi Chekechea, shikamoo, naelewa habari ya utepe, na kweli ulinielemea, lakini sidhani ndio ulioniharibia chuo. Chuoni nilikutana na ardhi yenye watu, na mimi nilizoea ardhi ya kujifungia. Na Sikubaliani, wewe unasema nachagua utoto unaofanana na nilipo. Ningekuwa nachagua, ningechagua huu kweli? Nilitaka kusikia kwamba nilikuwa msanii. Nimekuta mtoto anayezuia mlango kwa mgongo.

Swali langu sasa limegeuka hata silijui vizuri. Kama ile ramani ilikuwa dawa ya kuhamahama, na kuhamahama kumekwisha, sina sababu ya kuililia. Ila naililia.

---

Fundi_Redio

Mwanangu, pole. Nilikutuma huko bila kukuuliza kama uko tayari, hilo ni kosa langu.

Redio zangu nilizitengeneza nyuma ya nyumba kwa sababu ndani baba alikuwa hasemi na mtu. Miaka miwili hivi. Nilikuwa nafanya vitu vingine viseme. Sikuwahi kuiandika hiyo mahali popote. Wakati naanza kujibu mada yako niliandika habari ya sikio peke yake kwa sababu ndiyo yenye heshima.

Lakini sikio nililipata hata hivyo.

---

Sikubaliani_Sana

Nimesoma mara mbili. Sitabishana na mgongo mlangoni.

Nilikuficha kitu kuhusu wale kina Brontë, kwa sababu kilikuwa kinaharibu hoja yangu. Charlotte akiwa na miaka ishirini na kitu aliiaga Angria kwa maandishi kabisa, akafunga. Emily na Anne hawakuaga. Mwaka 1845 walikwenda safari fupi York wao wawili, Emily akiwa na miaka 26, Anne 25, wanawake wazima, na Emily aliandika kwenye karatasi zake kwamba njia nzima walikuwa wakiigiza watu wa Gondal, wanatoroka kutoka majumba ya mafunzo. Haikuwa kazi, hakuna aliyekuwa anawatazama, na haikuwa ya kuwafikisha popote. Na kumbuka huyu ni Emily aliyekuwa hapendi kabisa watu wa nje. Ndani ya Gondal alimruhusu mtu mmoja aingie.

Sijui hilo linakusaidiaje. Mimi ni muuza vipuri.

---

Bibi_Chekechea

Marahaba, mjukuu. Na huyo muuza vipuri amesoma kuliko anavyotaka tujue.

---

Surame_24 (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Fundi, hukukosea.

Usiku wa jana sikupata usingizi, nikachukua daftari la tano, lile la ratiba, nikawa nasoma tu, kazini nasoma madai ya watu siku nzima kwa hiyo macho yamezoea kutafuta penye kasoro. Ukurasa wa saba, stesheni ya Unyayo. Treni ya kutoka Kisigino inaingia saa kumi na dakika kumi jioni. Treni ya kutoka Kidole Gumba nayo inaingia saa kumi na dakika kumi jioni. Nikarudi kwenye ramani ya daftari la nne kuhakikisha. Unyayo nilichora njia moja tu ya reli.

Zaidi ya miaka kumi zinagongana kila jioni pale, na mimi mwenyewe ndiye niliyezipanga.

Nimempigia mjomba asubuhi nikamuuliza ipi ichelewe. Ameniuliza kwanza ipi ina abiria wengi.